Ndugu wa Rakhma

Kijijini Kharkhed, katika bonde la mto Purna, watoto walifundishwa kuogopa visima kabla ya kufundishwa kuogopa nyoka. Havikuwa visima vya maji ya kunywa. Vilikuwa visima vya chumvi, vyembamba, vya kina kirefu, kuta zake zimesukwa vijiti kama kapu ili udongo mweusi usiporomoke. Mchimbaji alishushwa amefungwa kamba kiunoni mpaka akafika kwenye tabaka gumu la mwisho. Akiligonga kwa mtaimbo na likapasuka, alikuwa na nafasi ya kupiga ukelele mmoja tu, maana maji ya chumvi yaliyofungiwa huko chini yalipanda kwa kishindo, na waliokuwa juu walipaswa kumvuta upesi kuliko maji. Mara nyingi walishinda.

Rakhma alizaliwa katika nyumba ya watu wa kazi hiyo. Baba yake, Bhagaji, alikuwa mvutaji kamba. Kaka yake wa pekee, Namaji, alikuwa mshukaji. Kijana mwembamba, mwepesi, mkononi kavaa bangili ya fedha iliyokuwa imevunjika na kufungwa waya wa shaba. Alimwita dada yake Shomoro, kwa sababu alikuwa hatulii mahali pamoja. Kila alipopandishwa toka kisimani alikuwa mweupe kama aliyepakwa majivu, na Rakhma alimkimbilia kumlamba shavu, watu wakacheka.

Siku zile nchi yao, Varhad, ilikuwa na mabwana wawili. Mwenyewe alikuwa Nizam, mtawala wa huko Haidarabadi, lakini kabla Rakhma hajazaliwa alikuwa amewaachia Waingereza waitawale kwa ajili ya gharama za jeshi. Nizam alibaki kutajwa, Waingereza wakabaki kukusanya kodi. Nao walichokitaka Varhad ni pamba. Wakaleta reli mpaka Akola, na treni zilizoondoka na marobota ya pamba zilirudi na magunia ya chumvi ya baharini kutoka Bombay. Haukupita muda ikatoka amri: chumvi ya Varhad isitengenezwe tena, visima vyote vifukiwe.

Rakhma alikuwa na umri wa kama miaka kumi walipokuja. Afisa alikuja juu ya farasi, na nyuma yake kundi la vibarua wenye majembe na vikapu. Walianza asubuhi, wakafukia kisima baada ya kisima kama mtu anayeziba matundu ya panya. Mama yake Rakhma alisimama kwenye ukingo wa kisima chao akilia, kwa sababu katikati ya ukuta wa kisima kile kulikuwa na shubaka kubwa, na ndani yake jiwe lililopakwa rangi nyekundu, ambalo watu wa chumvi waliliita Mama.

"Mtamfukia Mama akiwa hai?" alipiga kelele. "Hamna mama nyie? Mmeokotwa?"

Vibarua waliinamisha macho. Adhuhuri wakaenda kivulini kula mikate yao. Waliporudi wakaendelea kumwaga udongo, na jua lilipopinda kisima kilikuwa kimeshajaa, wakakikanyagakanyaga kwa miguu.

Jioni ile Namaji hakuonekana, na kamba ya nyumba yao pia haikuonekana.

Hakuna aliyemwona akishuka. Hakuna aliyemwona akiondoka. Jana yake alikuwa amegombana na baba yake, akasema kama ni kuokota pamba za watu, heri avuke mpaka aende upande wa Nizam akatafute maisha. Basi mama yake alishika neno hilo, akasema mtoto kavuka, atarudi. Kila siku alimwekea mkate wa mtama chini ya kawa. Lakini Bhagaji, asubuhi moja Rakhma alimkuta amelala kifudifudi juu ya kisima kilichofukiwa, sikio chini.

"Baba, unafanya nini?"

"Nyamaza. Anatikisa kamba."

Toka siku hiyo mume na mke wakala kila mmoja kwenye pembe yake, huyu akimngoja mtoto mlangoni, huyu akimngoja ardhini. Ilikuwa hivyo miaka mingi. Bhagaji alizoea kwenda pale kila alasiri, akaongea na udongo. Alimpa Namaji habari: reli imefika mpaka wapi, nani kaoa, ng'ombe gani kafa. Wapita njia wa barabara ya Akola walisimama wakamtazama, wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Mara moja alimwita Rakhma, akamlaza ubavuni kwake, akambonyeza kichwa kwenye ardhi. Rakhma alisikia kitu kama mlio wa kamba inayosuguana na mti. Huenda ilikuwa damu yake mwenyewe masikioni. Alikurupuka akakimbia, na tangu hapo alipita mbali.

Aliolewa na mtu aliyeitwa Gomaji, aliyekubali kuja kuishi kwa wakwe kwa kuwa nyumba haikuwa na kijana. Wakalima pamba kama kila mtu. Walizika watoto wawili wachanga. Mama akafa akitazama mlango, kisha Bhagaji, kisha kipindupindu kikamchukua Gomaji. Ilipokuja njaa kubwa, ile ambayo mvua ilikataa kabisa na mto Purna ukabaki vidimbwi vya kijani, Rakhma alikuwa mjane wa umri wa makamo, peke yake katika nyumba ya mwisho ya kijiji, ile inayotazama visima vya zamani.

Mtu yule alikuja adhuhuri, mwezi wa joto kali, wakati ambapo hata mbwa hawatembei. Rakhma alikuwa anachemsha majani ya porini. Nje ardhi nyeusi ilikuwa imepasuka nyufa za kuingia mkono, na jua lilikuwa limesimama wima kabisa, hakuna kitu kilichokuwa na kivuli. Akasikia mtu anasema mlangoni:

"Shomoro, kuna maji?"

Mwiko ulimponyoka. Pale mlangoni alisimama mzee mmoja, mifupa na ngozi, nguo imekakamaa mwilini kwa jasho lililokauka. Watu wenye njaa walipita kila siku, lakini hakuna aliyewahi kumwita jina hilo tangu alipokuwa mtoto.

"Wewe nani?"

"Umenisahau?" alisema yule mtu. "Mimi nimetoka mbali. Nipe maji kwanza."

Akampa. Alikunywa mtungi mzima bila kupumua. Kisha akakaa sakafuni, mahali palepale Bhagaji alipokuwa anakaa, akaegemeza kichwa ukutani, akalala kama aliyefika kwake.

Habari zilienea kabla jua halijazama. Wa kwanza kufika alikuwa Thaku, jirani yake, mwanamke ambaye ulimi wake uliogopwa kuliko mwenye kijiji.

"Ajabu hii njaa," alisema Thaku akimzunguka yule mtu kama anayekagua fahali wa kununua. "Wengine inawaondolea ndugu, wewe inakuletea. Mbona mimi haijaniletea hata mjomba?"

"Thaku, acha."

"Siachi. Haya baba, kama wewe ni Namaji, mkwaju wa hekaluni ulianguka upande gani?"

Yule mtu akafikiri. "Sikumbuki mkwaju."

"Mama yako aliitwa nani?"

"Nimesahau."

"Kasahau mama!" Thaku alipiga makofi. "Rakhmabai, huyu kasahau mama aliyemzaa, lakini hajasahau mkate uko wapi."

"Nakumbuka baba," alisema yule mtu. Sauti yake ilikuwa ya upole na kavu. "Alikuwa ananieleza mambo. Alinieleza reli imefika Nagpur. Alinieleza Shomoro kaolewa, mume mfupi, ana roho nzuri. Alinieleza fahali mwekundu kafa kwa kuumwa na nyoka. Mwisho alikuwa analia tu, nikawa sielewi."

Thaku aliacha kumzunguka. Mambo yale yote Bhagaji aliyasema, ndiyo. Aliyasema kwa udongo, miaka kadhaa baada ya Namaji kupotea.

Usiku wote Rakhma aliligeuza jambo lile kichwani. Bhagaji alikuwa na sauti kubwa, na barabara ilikuwa karibu. Mpita njia yeyote angeweza kusikia, akahifadhi, akaja kuyatumia siku ya shida. Hata jina la Shomoro baba yake alilitaja mara nyingi pale. Mtu anayekufa njaa anaweza kuwa ndugu wa yeyote mwenye chungu jikoni. Alijiambia hivyo, akajiridhisha. Lakini asubuhi, mgeni alipoinuka kwenda nje, Rakhma aliukunja mkeka aliolalia, na chini yake sakafu ilikuwa nyeupe. Alipangusa kwa kidole, akaonja. Chumvi.

Hakumfukuza. Alimgawia nusu ya alichokuwa nacho, nacho kilikuwa kidogo. Asubuhi alikwenda kwenye kazi ya njaa, ambako serikali iliwachimbisha watu bwawa kando ya mto kwa ujira wa nafaka, na jioni alirudi wakala. Mgeni alisuka kamba. Alisuka siku nzima kwa nyuzi za mmea wa ambadi, mikono yake ikijua kazi bila macho, na aliimba nyimbo za wavutaji, zile ambazo hakuna kijana aliyezijua tena. Kitu kimoja tu hakukitaka: hakutoka kwa mlango wa mbele, ule unaotazama visima. Alipita nyuma, kwenye zizi, hata kama ni mbali zaidi.

Kisha siku moja, vikapu vikiwa vinapanda na kushuka kwenye bwawa, ardhi ikadidimia chini ya majembe. Wachimbaji walikuwa wamekata ubavu wa kisima cha zamani. Vijiti vya ukutani vilikuwa bado vimesukwa vizuri, vyeusi, vinang'aa. Wakachungulia, wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

Msimamizi, mtu mgeni kutoka upande wa Nagpur, akawaita watu wa kijiji. "Kuna mfu humu. Nani anamjua?"

Watu walimtazama Rakhma, wakamfungulia njia.

Mfu alikuwa amekaa kwenye shubaka, magoti yamekunjwa, mikono imelizunguka jiwe jekundu, jinsi mtoto anavyokumbatia mtungi ili asiuvunje. Kamba bado ilikuwa kiunoni. Mifupa ilikuwa imeganda chumvi, kila mfupa umevaa fuwele, na jua la adhuhuri lilipoiangukia iliwaka kiasi cha kuumiza macho. Kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na bangili ya fedha, na mahali ilipovunjika, waya wa shaba.

Rakhma alisimama muda mrefu. Nyuma yake alisikia minong'ono. Alisikia mtu mmoja anasema, "Basi yule mjinga anayekula kwa mjane ni mwizi. Twendeni tukamtoe." Na mwingine: "Kama si mwizi ni kitu kibaya zaidi. Twendeni na moto." Wale walikuwa watu wa njaa, mbavu nje, hasira zao zimekosa pa kwenda. Mzee aliyeko nyumbani kwake angekufa kabla hajafika barabarani.

"Huyu si wangu," alisema Rakhma.

"Bai, tazama vizuri," alisema msimamizi kwa adabu.

"Nimetazama. Ndugu yangu yuko nyumbani anasuka kamba. Huyu ni mtoto wa watu. Tumchome kwa heshima, mbona mnamwacha juani?"

Thaku alikuwa amesimama karibu sana. Naye aliijua bangili ile, aliichezea utotoni. Alimtazama Rakhma usoni, kisha akawageukia wenzake.

"Mmesikia au mna nta masikioni? Nendeni mkalete vijiti vya pamba. Kuni hakuna, kila mtu atoe mzigo mmoja. Na wewe mwenye moto, moto wako utauhitaji hapa hapa."

Wakamtoa. Rakhma mwenyewe alipokea kichwa, akakishika kwa mikono miwili. Wakamchoma kwenye mchanga wa mto, moto wa vijiti uliochukua muda mrefu na kurusha cheche za rangi ya kijani na manjano kwa sababu ya chumvi. Msimamizi ndiye aliyeuwasha kwa kuwa mfu hakuwa na mtu. Majivu pamoja na bangili Rakhma aliyatia kwenye kidimbwi kimoja kilichokuwa kimebaki na maji. Jiwe jekundu wakaliweka chini ya mwarobaini. Hakulia. Alihisi watu wanamchunguza kama atalia.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado kali. Mlangoni alikanyaga maji. Nchi nzima haikuwa na tone, lakini sakafu ya nyumba yake ilikuwa imelowa, na yule mzee alikuwa amekaa katikati, nguo zinachuruzika, nywele zimeganda kwenye paji la uso, anatetemeka kama mtu aliyetolewa mtoni.

"Umefanya nini?" Rakhma aliuliza.

"Jasho tu. Limenitoka ghafla."

Rakhma akachukua tambara, akampangusa mgongo. Ngozi ilikuwa ya baridi.

"Walimtoa polepole?" mzee aliuliza.

Mkono wa Rakhma ukasimama. Mtu yeyote angeweza kupita akamwambia kwamba kuna mfu kaonekana. Nyumba haikuwa mbali. Alijiambia hivyo.

"Polepole," alijibu.

"Na Mama?"

"Yuko chini ya mwarobaini."

"Vizuri." Akafumba macho. "Yule wa kisimani alikuwa anasumbuka juu yake."

Rakhma aliketi. Alijua kuna mambo mawili tu. Ama huyu alikuwa mtu aliyekuwapo siku ile, kibarua au rafiki, aliyeshika kamba kisha akaiachia, na jambo hilo limemfuata miaka yote. Ama alikuwa kitu kingine, ambacho hakuwa na jina lake. Angeuliza, angejibiwa. Mzee yule alikuwa amefumbua macho tena na anamngoja aulize. Ilionekana wazi usoni pake. Rakhma akatazama mikono ya mzee iliyojaa malengelenge ya kamba, akatazama chungu.

"Umekula?" alisema.

"Bado."

"Basi songa uje. Majani yatapoa."

Wakala. Hakuuliza siku ile, wala baadaye.

Mvua zilirudi mwaka uliofuata. Mzee akapata nyama mwilini, akashika jembe, akalima pamba na dengu, akawa mtu kama watu. Alikuwa na jino bovu lililomfanya mkali asubuhi. Aligombana na Thaku juu ya mbuzi. Chumvi chini ya mkeka ilionekana msimu wa joto tu, na Rakhma alizoea kuifagia kama anavyofagia majani. Watu waliacha kunong'ona, wengine kwa kusahau, wengine kwa kuogopa. Mkate wa nyumba ile waliupokea kwa adabu, ila wachache waliula.

Ngoma ilipopigwa kijijini kutangaza kwamba Nizam amewapangisha Waingereza Varhad milele, na kwamba sasa mambo yote yataamuliwa Nagpur, Thaku alisema, "Kwa hiyo Nizam kabaki na jina, na mwingine ndiye anayekaa nyumbani," na mzee akacheka mpaka akakohoa. Ilikuwa mara pekee Rakhma kumsikia akicheka hivyo, na kicheko kile hakukipenda.

Kila mwaka, katika siku za kuwakumbuka marehemu, Rakhma aliweka uani sahani za majani zenye wali na dengu: ya baba, ya mama, ya Gomaji, na moja ambayo hakumtajia mtu ni ya nani. Kunguru akila, marehemu ameridhika. Mwaka mmoja kunguru walishuka, wakala sahani tatu, wakairuka ya nne. Walitembea kuizunguka, wakapanda ukutani, wakangoja. Jua lilipanda, wali ukaanza kukauka. Rakhma alisimama mlangoni hajui la kufanya. Ndipo mzee akatoka ndani taratibu, akachuchumaa mbele ya sahani ile, akala wali wote kwa mkono wa kulia mpaka punje ya mwisho. Kunguru wakaruka wakaenda zao. Akanawa, akachukua jembe, akaenda shambani.

Alikufa mwaka wa homa kubwa, mwishoni mwa vita vya Wazungu. Homa iliingia na treni, ikaingia kila nyumba, ikalaza wanaume wote wa Kharkhed kwa wiki moja. Mzee aliugua siku chache. Maji aliyakataa. Alisema ameshayanywa ya kutosha. Alfajiri Rakhma alimkuta ametulia, na sakafu chini yake ilikuwa kavu na safi, udongo mtupu.

Hapakuwa na wanaume wa kumbeba. Wanawake walimbeba, Rakhma mbele, Thaku nyuma akilalamika kuhusu kiuno chake njia nzima. Mtoni mioto ilikuwa mingi. Mzee wa mazishi, mwenyewe anatetemeka kwa homa, alikuja na maji ya kunyunyiza.

"Jina la marehemu?"

Rakhma alitazama mchanga, pale ulipokuwa moto ule mwingine.

"Bai, jina. Wengine wanangoja."

"Ndugu yangu," alisema.

"Ndugu yako nani?"

"Ndugu wa Rakhma. Sema hivyo, inatosha."

Mzee wa mazishi hakuwa na nguvu za kubishana. Akasema hivyo hivyo.

Walikaa mpaka moto ukashuka, kisha wakaanza kurudi, wanawake wawili wazee katika njia ya vumbi kati ya mashamba ya pamba ambayo mwaka ule hakuna aliyeyavuna. Pamba ilikuwa imefumuka na kuning'inia. Thaku alivumilia mpaka walipofika nusu ya njia.

"Sasa niambie. Sitamwambia mtu, na kama nitamwambia, nani amebaki? Alikuwa nani yule?"

Rakhma alitembea kidogo.

"Alikuwa anapenda majani ya ambadi yakiwa na pilipili nyingi," alisema. "Hakupenda maziwa. Alikoroma. Nilipougua mguu alinibeba mpaka kwa mganga wa Akot na kunirudisha, na njiani alinung'unika kila hatua. Akishona alitoa ulimi nje, kama mtoto."

"Hayo nayajua. Na Namaji? Alikuwa anapenda nini?"

Rakhma akasimama. Alijaribu. Alifumba macho kabisa ili aone uso, na uso uliokuja ulikuwa na jino bovu.

"Sijui," alisema. "Thaku, mimi sijui."

Thaku alimshika mkono. Wakaendelea na njia, maana jua lilikuwa linazama na nyumbani kulikuwa na mbuzi wa kukama.